Nilivyolipiga Msasa Gari la Bwana

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliegesha gari lake uani, akachuchumaa mbele ya boneti akiwa na kichupa cha rangi ambacho brashi yake imeshikamana na kifuniko, akaanza kugusagusa mahali palipobanduliwa na mawe ya njiani. Mimi nilikuwa kibarazani nikichambua chinsaga. Upepo ukageuka, ukaniletea ile harufu kali ya rangi ya gari inayopanda puani hadi nyuma ya macho. Niliacha mboga palepale, nikaingia chumbani, nikajifungia. Mjukuu akaja kugonga mlango. "Nyanya, unaumwa?" Nikamwambia ni kichwa tu. Angejua kwamba bibi kizee mzima amekimbia kichupa cha rangi angecheka, na mimi nisingeweza kumlaumu.

Ninyi wa rika langu ndio ninaoweza kuwaambia. Mtakumbuka enzi zile ambapo gari likipita, watu shambani waliegemea majembe hadi vumbi litulie. Baba yangu alikuwa dereva. Hakuwa na gari. Aliendesha la Mzungu mmoja aliyezunguka kukagua mashamba ya kahawa, ambaye sote tulimwita Bwana kana kwamba mama yake hakumpa jina lingine. Lilikuwa la kijani kizito, kijani cha jani la kahawa baada ya mvua, na Baba alilipenda kwa namna ambayo Mama aliifanyia mzaha. "Ningekuwa na taa mbili usoni," alisema, "na mimi ningepanguswa kila asubuhi." Baba alijibu kwamba gari likipiga kelele, angalau lina mahali pa kulizimia.

Nikisema Baba hapa ninasema kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu Birongo tulimwita Tata, kwa maana katika Ekegusii neno baba ni mama. Nilipoanza kujifunza Kiswahili shuleni niliandika kwenye kibao changu kwamba baba yangu ananyonyesha mtoto. Mwalimu wetu, kijana mrefu kutoka upande wa ziwa, alicheka hadi akafuta machozi kwa leso, akawaita walimu wenzake waje wasome. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, nikaapa kwamba Kiswahili hakitaniaibisha tena. Nikawa mtoto wa maneno. Kila neno alilotoa mwalimu nililibeba hadi nyumbani, nikalilalia na kuamka nalo, na kufikia umri wa miaka minane hakuna aliyenishinda darasani. Nilikuwa na kiburi nacho, sitaficha.

Barabara zetu zilikuwa za changarawe, na kutoka Kisii kwenda Ekerenyo kila gurudumu lilirusha mawe. Jiwe likigonga rangi hubandua kipande kidogo kama punje ya wimbi, bati linabaki wazi, na kwa mvua zetu kutu huanza kesho yake. Baba aliviita vidonda. Vidonda vile hakuvitibu kwa Bwana, kwa sababu Memsahibu, mke wa Bwana, hakuweza kuvumilia harufu ya rangi, ilimtia kipandauso. Kwa hiyo mara moja moja aliruhusiwa kuja na gari nyumbani kwetu, akaliweka kati ya nyumba na ghala ya wimbi, na kwa siku hizo sisi tukawa watu wakubwa kijijini.

Alianza kwa kukuna kutu kwa ncha ya kisu hadi bati likang'aa. Akasugua kingo kwa msasa hadi kidole kisihisi ngazi. Akapaka rangi nyekundu ya chini, akaacha ikauke, halafu akatia ya kijani kwa ncha ya unyoya wa kuku, tone juu ya tone, hadi ikainuka kidogo kupita rangi ya zamani. Ikishashika, kilichobaki ni kusugua tena kwa msasa laini na maji mengi hadi tone lilale sawa na wenzake. Hapo rangi ilififia, ikafanya ukungu, na asiyejua angedhani ameharibu. Kisha akachukua kitambaa na nta, akazungusha, akazungusha, ukungu ukaondoka na kidonda kisionekane tena. Mimi nilisimama karibu na ndoo, nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Sijaona uganga mwingine ulionishangaza kama ule.

Kazi hiyo aliifanya kwa Kiswahili. Siku zote alinisemesha Ekegusii, lakini akishafungua kile kisanduku chake cha bati alihama lugha, maana alifundishwa ufundi Kisumu na ndivyo kazi ilivyokaa kichwani mwake. "Leta maji. Kitambaa. Msasa." Alinyoosha mkono bila kuangalia, kama daktari. Msasa wenyewe sikuwahi kuuona vizuri. Ulikaa ndani ya kiganja chake, mweusi, umelowa, umekunjika, umechanika pembeni. Nilidhani ni jani.

Tena nilikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha majina ya miti, na siku moja aliandika ubaoni: msasa. "Msasa ni mti," alisema. "Majani yake yanakwaruza. Mafundi wanasugulia mbao mpaka zinalainika." Mti huo niliufahamu. Ulikuwa kando ya kijito chini ya shamba letu, na Mama alinituma majani yake kila mara tulipotaka kusugua vibuyu. Nilifurahi kugundua kwamba kitu cha kwetu kijitoni kina jina ndani ya Kiswahili.

Ikaja ile wiki. Bwana alikuwa anahamishwa, na Bwana mwingine alikuwa njiani kuja kushika kazi na gari. Baba alirudi na gari Jumatano jioni, hata chakula akashindwa kumaliza. Alimweleza Mama jikoni, mimi nikiwa nabandua maganda ya ndizi.

"Amesema gari likiwa safi kama siku niliyolipokea, atanikabidhi kwa huyo mpya pamoja nalo," Baba alisema. "Na ataniandikia cheti kizuri."

"Na lisipokuwa safi?"

"Kuna madereva watatu wamekaa pale nje ya ofisi tangu Jumatatu. Wamevaa kofia tayari."

Mama alijua, na hata mimi nilijua, kwamba dereva bila cheti cha tajiri wake wa mwisho hakuwa dereva, alikuwa mtu tu aliyewahi kushika usukani.

Alhamisi na Ijumaa alifanya kazi bila kuinua kichwa. Vidonda vilikuwa thelathini na kitu. Ijumaa jua lilipoanza kugusa migomba, alikuwa amekwisha kutia rangi vyote, vimekaa juu ya boneti na madigadi ya magurudumu kama matone ya umande, vinangoja kulainishwa. Lakini sisi tulikuwa watu wa Sabato. Jua likizama Ijumaa, jembe hulazwa, na moto wa kupikia huachwa ufe. Mama alitoka na maji ya kunawa.

"Umebakisha nini?"

"Kulainisha na kung'arisha tu," Baba alijibu. "Lakini msasa umeisha. Kipande hiki hakiwezi hata kusugua ukucha."

"Jumapili je?"

"Jumapili maduka ya Kisii yamefungwa. Jumatatu asubuhi anataka gari mlangoni."

"Mungu atafungua njia, baba watoto."

"Na afungue," Baba alisema. "Mimi jua limenifunga." Alifunga kisanduku, akanawa mikono polepole, na nilimwona akigeuka mara tatu kuliangalia gari kabla hajaingia ndani. Usiku ule kwenye sala alitaja gari kwa Mungu waziwazi, na rangi yake.

Kesho yake Baba na Mama walikwenda kanisani na wadogo zangu. Mimi niliachwa, kwa sababu kidole changu kikubwa cha mguu kilikuwa kimevimba kwa funza na kiatu hakikuingia. Mama aliniwekea ndizi baridi alizopika jana yake, akaniambia nikae kivulini nikariri wimbo wa kanisani. Nilikaa. Niliimba beti mbili. Kisha nikaanza kufikiri, na ningeshukuru sana kama siku hiyo ningekuwa mtoto mjinga.

Nilifikiri hivi. Baba amekosa msasa, na msasa uko kijitoni. Baba hajui kwamba uko kijitoni, kwa sababu yeye Kiswahili alikiokota Kisumu kazini, hakufundishwa na mwalimu. Mimi ninajua. Kuhusu Sabato pia nilikuwa na jibu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, unaruhusiwa kumtoa. Nikaamua kwamba gari ni ng'ombe, na nikashuka kijitoni nikichechemea kwa kisigino.

Nilichuma majani nikajaza kanga ya Mama. Nikayalowesha ndooni kama Baba alivyolowesha wake, nikakunja moja ndani ya kiganja, nikaanza na tone la kwanza juu ya madigadi. Ukungu ukatokea. Nikashangilia peke yangu! Niliujua ukungu ule, ndio uliotangulia kung'aa. Nikaenda tone la pili, la tatu. Lakini jani ni kubwa kuliko tone, na kila niliposugua, ukungu ulienea pembeni, gari likawa na mabaka. Hapo nikafanya kama ambavyo mtoto yeyote wa kike wa kwetu angefanya. Sufuria haisuguliwi mahali pamoja. Ukianza, unasugua yote, hadi ifanane. Nikasugua milango yote miwili. Nikaleta kigoda, nikapanda, nikasugua boneti hadi mkono ulipofika. Mahali palipokataa kufifia nilitia mchanga wa kijitoni na majivu kidogo, kama tunavyofanya masizi yakigoma. Jua lilikuwa kali, kidole kilinipwita, na sikumbuki kuwa na furaha kama ile tena maishani. Nilipomaliza, gari lote lilikuwa na ukungu mmoja mzuri usio na baka. Nikafikiri, sasa Baba atapitisha kitambaa tu.

Nilioga, nikavaa gauni la kanisani, nikakaa kwenye kigoda kando ya gari kuwangoja.

Baba alitangulia. Alikuwa na Biblia kwapani na koti begani. Aliona gari kutoka langoni, akasimama. Nilimwona akitazama juu, nadhani alifikiri ni vumbi au kivuli cha wingu. Kisha akaja haraka, akapitisha kidole mlangoni, akakiangalia kidole, akapitisha tena. Penye kingo za madigadi palikuwa pekundu. Nilikuwa nimekula kijani chote nikafika rangi ya chini.

"Ni nani?" aliuliza, sauti ndogo sana.

"Ni mimi, Tata. Nimekumalizia."

"Kwa nini... kwa kutumia nini?"

Nikamwonyesha jani. "Kwa msasa."

Alilichukua. Alilipitisha juu ya kidole gumba chake, mara moja, akasikia linavyokwaruza. Aliniangalia gauni, akaangalia mguu wangu uliovimba, akaangalia tena jani.

"Ndiyo," alisema. "Ni msasa."

Mama alipofika akapiga yowe lililowatoa majirani. Alivunja kijiti cha ua, akanishika mkono. Baba akamwambia leo ni Sabato, hakuna mtoto anayepigwa. Jumapili pia hakunipiga, wala Jumatatu. Ningekipokea kichapo chochote, jamani. Nilikaa nikikingoja kwa miezi, na nilipojua kwamba hakitakuja ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Jumapili yote alipigana na lile gari. Alitia nta, akazungusha kitambaa hadi bega likamfa, rangi ikang'aa kidogo ikiwa imelowa na kufifia ikikauka. Rangi ya kijani ilikuwa imebaki kifuniko kimoja. Aliitumia yote kwenye kingo, akapaka kwa unyoya, akiwa amepiga magoti, nami sikuitwa kuleta maji. Jioni alikaa chini akaegemea gurudumu. Mama alimletea uji, akaushika hadi ukapoa.

Jumatatu alilipeleka Kisii. Alirudi saa nane mchana kwa miguu, koti begani, bahasha mkononi. Yaliyotokea huko nilimsikia akimsimulia Mama. Bwana alilizunguka gari mara mbili na huyo mpya, akauliza kwa kile Kiswahili chao, "Nani nafanya hii? Nani?" Baba akasema, "Ni mimi, Bwana." Mama akamuuliza kwa nini hakusema ni mtoto. Baba akasema kwamba aliapa gari halitatoka machoni pake, na liliachwa na mtoto wa miaka minane siku nzima. "Nikisema ni yeye, nimesema mambo mawili mabaya. Nikisema ni mimi, nimesema moja."

"Na barua?"

"Ni cheti. Aliandika palepale. Na alinipa mkono." Hilo la mkono alilirudia. Mzungu hakumpa mkono mtu aliyemchukia, ndivyo Baba alivyoamini. Cheti kilikuwa cha Kiingereza, na Baba alisoma Kiswahili cha Biblia tu.

Alianza kutafuta kazi wiki iyo hiyo. Alikwenda Sotik, akaenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akaenda Kisumu alikofundishwa. Kila mahali ilikuwa hivyohivyo. Wangemkaribisha, wangemuuliza miaka aliyoendesha, wangefungua cheti. Kisha wangekikunja vizuri, wamrudishie kwa mikono miwili, waseme hakuna nafasi. Hakuna aliyemwambia lolote. Kijijini hakutaka kumpa mtu amsomee. Kama ni kizuri, watasema anajivuna, na kama ni kibaya, kitasomwa hadi Suneka. Akarudi kwenye jembe, mikono yake ikafanya malengelenge, na kila baada ya mavuno alipiga pasi suruali akaondoka tena. Aliporudi tulimjua kwa mwendo kabla hajafika langoni, na Mama aliondoka uani ili asimuone anavyoingia.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, tayari nikijifunza Kiingereza, alikuja jikoni alasiri moja ya mvua nikiwa peke yangu. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Alitoa bahasha iliyofungwa kwa kitambaa.

"Wewe ndiwe mtu wa maneno," alisema. "Nisomee. Nisomee kilivyo."

Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, imeshikwa na vidole vingi. Ilikuwa mistari minne. Ilisema kwamba mtu huyu ana adabu na hanywi pombe. Ilisema kwamba aliharibu vibaya gari alilokabidhiwa, akakiri mwenyewe. Ilisema kwamba asikabidhiwe tena gari la mtu yeyote. Chini palikuwa na sahihi. Nilisoma mara moja kwa macho, na maneno yote niliyafahamu, hakuna hata moja lililonipita.

"Inasema nini?"

Mvua ilikuwa ikipiga majani ya paa. Nilimwangalia alivyokaa, magoti pamoja, kama mtoto anayengoja kusomewa alama zake.

"Inasema una adabu," nilisema. "Hunywi pombe."

"Ndiyo. Na gari?"

"Inasema wewe ni dereva mzuri. Unalitunza gari la watu. Atakayekuajiri hatajuta."

"Soma tena."

Nikasoma tena, kidole changu kikifuata mistari, maneno yaleyale, nisije nikajichanganya. Aliitikia kwa kichwa kila neno. Nilidhani atafurahi. Mnielewe hapo, nilidhani ninamletea kitu kizuri baada ya miaka yote ile, nilidhani ninalipa. Alichukua karatasi, akaikunja kwenye mikunjo yake.

"Siku zote nilifikiri ni barua," alisema. "Kumbe ni mimi."

"Tata, hapana."

"Barua ni nzuri. Basi wakinitazama wanaona kitu. Sijui ni kitu gani. Wewe unakiona?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakukuwa na mtu mwingine, na nilikuwa nalo jibu la swali lake mdomoni. Nikasema sikioni. Akanishukuru kwa kumsomea, akasema hakupoteza kitu kwa kunisomesha, akatoka kwenye mvua bila kufunika kichwa.

Alikwenda Kericho mara moja tu baada ya hapo, akarudi siku ya nne. Hakutafuta tena. Aliishi miaka mingine mingi, mtu mpole, asiyemwangalia mgeni usoni, anayesimama nyuma ya wenzake hata kwenye picha. Watoto wa wadogo zangu walidhani ndivyo alivyozaliwa. Mimi nikawa mwalimu wa Kiingereza, nikafundisha mamia ya watoto kusoma barua, na sikuwahi kurudi jikoni kwake kusoma ile upya. Kila likizo nilikwenda nikiwa nimeazimia. Kila likizo nilimkuta amezeeka zaidi, nikajiambia kwamba sasa ukweli utamsaidia nini.

Aliomba azikwe na cheti chake katika mfuko wa koti, ili huko aendako kijulikane kwamba aliaminiwa. Mama hakujua kusoma, akanipa mimi nikiweke. Nilikifungua nikakitazama kwa mara ya mwisho, nikakitia mfukoni, nikafunga kifungo. Mama alisimama upande wa pili wa jeneza akauliza kama nimekiweka maandishi yakiwa juu, yasomeke. Nikamwambia ndiyo, Mama, yako juu. Nilikuwa nimeyageuza chini.